Kuiandaa baiskeli ya barabarani kwa pesa kidogo: mwongozo kamili kwa wapanda baiskeli wa Mtwara na Lindi

Kutoka Mikindani mpaka Mtwara mjini ni kama kilomita 10. Mimi huenda asubuhi na kurudi jioni, siku sita kwa wiki, mvua na kiangazi, kwa baiskeli niliyoinunua ikiwa mtumba na kuitengeneza kidogo kidogo kadiri pesa ilivyopatikana. Njiani hukutana na vijana waliofunga maua ya plastiki kwenye spoku, redio kwenye usukani na vitambaa vya rangi, halafu breki ya mbele haina raba. Inaniuma kila ninapoiona. Mwongozo huu ni kwa mwenye pesa kidogo anayetaka baiskeli ya kazini, shuleni, sokoni au shambani. Nimeupanga kwa namna pesa inavyopaswa kutoka mfukoni: kwanza kinachokusimamisha, kisha kinachokubeba, kisha kinachokufanya uonekane. Mengine yasubiri mwezi ujao.

Kabla hujalipa

Sokoni kwetu kuna aina mbili hasa. Kuna baiskeli ndefu za chuma za muundo wa zamani, Phoenix za China na Hero au Avon za India, zenye magurudumu ya 28 na breki za vyuma badala ya waya. Na kuna mitumba ya Japani, ambayo mingi ina kikapu mbele, kufuli ndogo kwenye gurudumu la nyuma na taa ya dainamo.

Ya kwanza hubeba gunia bila kulalamika, na vipuri vyake vinapatikana mpaka vijijini. Fundi wa Nanyamba au wa Mnazi Mmoja anaijua kwa kuipapasa tu. Ya pili ni nyepesi, na fremu yake iliyoinama katikati inampa nafasi aliyevaa gauni au kanzu. Kwa lami tupu na mzigo mdogo ningechukua ya Kijapani. Kwa njia ya mchanga na mihogo ya kupeleka sokoni, Phoenix.

Yoyote utakayoiona, usiikague kwa rangi. Rangi inapigwa kwa nusu saa. Fanya hivi:

Inua gurudumu la mbele, lizungushe, uangalie nafasi kati ya rimu na raba ya breki. Ikiyumba kidogo, fundi atainyoosha kwa kukaza spoku. Ikiruka mahali pamoja kama inayopita kwenye tuta, rimu imekunjika na utanunua nyingine.

Shika mkono wa pedali, si pedali yenyewe, uusukume kuelekea fremu na kuuvuta nje. Ukicheza, gololi za katikati zimekwisha au hazijakazwa. Shika gurudumu kwa juu ulitikise hivyo hivyo kushoto na kulia. Kisha bana breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mgoto chini ya usukani, pale napo pana kazi. Haya yote yanatengenezeka kwa bei nafuu, ila yataje kabla ya kulipa ili yapunguze bei.

Kisichotengenezeka kwa bei nafuu ni foko, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, iliyorudi nyuma kwa kugonga, na ufa kwenye maungio ya fremu. Simama pembeni uitazame foko: inapaswa kupinda mbele kidogo kuelekea chini. Ikiwa imenyooka au imerudi nyuma, huenda baiskeli hiyo iliwahi kugonga kitu. Pitisha ukucha kwenye maungio yote, hasa pale bomba la chini linapokutana na la mbele. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba wenye kutu ndani yake ni ufa. Iache, hata ukiambiwa itachomelewa.

Nenda na sumaku ndogo mfukoni, ile ya kwenye spika mbovu ya redio. Igusishe kwenye rimu. Ikinasa, rimu ni ya chuma. Isiponasa, ni ya alumini. Rimu ya chuma iliyong'arishwa ina nguvu, lakini ikilowa raba huteleza juu yake na unachelewa sana kusimama. Alumini hushika vizuri zaidi kwenye mvua. Ukiwa na chaguo, chukua alumini.

Breki, kabla ya kitu kingine chochote

Mwaka wa kwanza nilikuwa natokea upande wa Lindi na mihogo kwenye keria, nashuka mteremko wa kuingia Mikindani. Nati moja ya chuma cha breki ya mbele ilikuwa imelegea na mimi sikuwa nimeiangalia tangu niinunue baiskeli. Ikadondoka. Breki ya nyuma peke yake haikuweza ule uzito, na nikaona lori linapanda mbele yangu. Nikaielekeza baiskeli kwenye mchanga wa pembeni, mihogo ikatawanyika, nami nikachubuka kiwiko mpaka bega. Nati ile ni ya bei ya andazi.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende hapa. Badilisha raba zote nne hata kama zilizopo "bado bado". Raba ya zamani hukauka na kuwa ngumu. Ukiibonyeza kwa ukucha na ukucha usiingie hata kidogo, imekufa. Raba mpya iguse rimu yote, isipande kwenye tairi wala isining'inie chini ya rimu. Ikipanda kwenye tairi, itailambalamba mpaka ipasuke. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya raba na rimu.

Kama breki ni za waya, chomoa waya uutazame pale unapoingia kwenye kishikio. Uzi mmoja ukiwa umekatika, nunua mpya, kwa sababu zilizobaki zitafuata. Paka grisi kidogo kabla ya kuuingiza kwenye ala yake. Chumvi ya hewa yetu ya pwani huukamata waya mkavu kwa miezi michache tu. Kama breki ni za vyuma, kaza kila nati kwa spana, moja baada ya nyingine, usikadirie kwa macho.

Mitumba mingi ya Japani nyuma ina breki ya mkanda iliyo ndani ya kikombe kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ikipiga kelele kama mbuzi, usimruhusu mtu kuimiminia mafuta, maana itanyamaza na haitashika tena. Mkanda wenyewe ndio wa kubadilishwa.

Halafu jaribu. Tembea pembeni ya baiskeli, bana breki ya mbele kwa nguvu: gurudumu ligome kabisa, na kishikio kisifike kwenye usukani. Fanya hivyo na ya nyuma. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha, kwa sababu unapofunga breki uzito mwingi huegemea mbele. Wengi huiogopa kwa kuambiwa itawapindua. Ibane taratibu pamoja na ya nyuma, mwili ukiwa umerudi kidogo, haitakupindua.

Matairi na tyubu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa kutojua kusoma namba. Ubavuni mwa tairi kumeandikwa saizi, na 26 moja si sawa na 26 nyingine. Tairi ya 26 x 1 3/8 ya baiskeli ya Kijapani haiingii kwenye rimu ya 26 x 1.95 ya baiskeli ya vijana yenye matairi manene. Angalia namba ndogo yenye kistari kati, mfano 37-590. Ile ya pili ndiyo kipenyo cha rimu kwa milimita, na hiyo haidanganyi. Japani ya 26 x 1 3/8 ni 590, ya 27 ni 630, baiskeli ya tairi nene ya 26 ni 559, na Phoenix ya 28 x 1 1/2 ni 635. Iandike kwenye simu yako kabla ya kwenda dukani. Nimeona mama mmoja amesafirishiwa tairi kutoka Dar es Salaam mpaka Lindi, na ilipofika ikakosa sentimita tatu.

Tairi likionyesha nyuzi, au ubavu ukiwa na mipasuko mingi ya jua, badilisha. Likiwa zima lakini limepungua meno, anza na la nyuma, kwa kuwa ndilo linalobeba. Ila lile jipya lifunge mbele, na la mbele la zamani lihamie nyuma. Tairi ya mbele ikipasuka ghafla unaanguka. Ya nyuma ikipasuka, mara nyingi unasimama.

Kabla ya kufunga tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi zima. Mwiba uliotoboa tyubu ya jana huwa bado umo, unasubiri ya leo. Kisha hakikisha vichwa vya spoku ndani ya rimu vimefunikwa. Utepe wa dukani si lazima. Kata ukanda mrefu wa tyubu kuukuu wenye upana wa vidole viwili, uuzungushe, utoboe tundu la vali. Tyubu kuukuu nyingine, ukiichana na kuitandaza kati ya tairi na tyubu mpya, hupunguza pancha za miba kwa kiasi kikubwa. Baiskeli inakuwa nzito kidogo. Kwa njia za huko Naliendele na mashambani, ni uzito ninaoukubali.

Upepo ujaze mpaka kidole gumba kikibonyeza tairi kiingie kidogo tu. Watu wengi huendesha na upepo pungufu. Rimu inagonga kila shimo na tyubu inapasuka matundu mawili yaliyo sambamba, kama imeng'atwa na nyoka. Tyubu ikipoteza upepo polepole na hakuna tundu, fungua vali. Vali nyingi huku zina kimpira chembamba ndani, na kikichoka hupitisha upepo. Ni kitu cha bei ndogo mno, beba viwili vya akiba.

Taa na kuonekana

Mwaka mzima jua letu huzama kati ya saa 12 na saa 1 kasoro jioni, na kiza hakichelewi. Anayetoka kazini saa 11 na kupitia sokoni atarudi gizani, atake asitake. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, barabara ya Masasi na ile ya Lindi hujaa malori usiku na mchana.

Kama una pesa ya taa moja tu, nunua nyekundu ya nyuma. Ya mbele inakusaidia kuona shimo. Ya nyuma inamsaidia dereva asikugonge. Taa ndogo ya kuchaji inatosha, lakini angalia utakapoifunga. Kosa ninaloliona zaidi ni kuifunga chini ya kiti, halafu gunia la mkaa kwenye keria linaifunika yote. Ifunge kwenye madigadi ya nyuma au kwenye ncha ya keria, mzigo usikoweza kuifikia. Chini yake ongeza rifleta nyekundu, maana betri huisha bila taarifa na rifleta haina betri.

Mbele, kama baiskeli yako ilikuja na dainamo ya kusugua tairi, usiitupe. Ni mashine ndogo ya volti 6 na wati 3, na haidai umeme wa mtu. Mara nyingi kinachoiua ni waya uliokatika au kutu mahali inapogusana na fremu, kwa sababu fremu ndiyo njia ya umeme kurudi. Kwangua rangi na kutu pale inapofungwa mpaka chuma king'ae, kaza, uunge waya mpya. Iweke ili mstari wa katikati ya dainamo uelekee katikati ya habu. Ikikaa upande, itakula ubavu wa tairi na kukuchosha miguu. Upungufu wake ni mmoja: ukisimama, taa inazima. Ndiyo maana ya nyuma napendelea ya betri.

Ielekeze taa ya mbele chini, mwanga uangukie mita 8 au 10 mbele yako. Ikimulika juu inampofusha anayekuja, na aliyepofushwa hakuoni.

Bila kununua chochote: vaa shati jeupe jioni. Kipande cha utepe unaoakisi mwanga, kishone kwenye begi na kingine kizungushe kwenye mikono ya pedali. Kitu kinachopanda na kushuka dereva hukitambua mapema kuwa ni mtu anapiga pedali.

Na kioo. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari linakupita kuliani. Kioo kimoja cha pikipiki kuukuu, kifungwe upande wa kulia, kinatosha. Tangu nimekifunga sigeuki tena kuangalia nyuma, na hapo awali kila nilipogeuka baiskeli ilikuwa inaingia barabarani.

Kengele nunua ya chuma, ya plastiki haidumu. Kofia ngumu ya baiskeli hupatikana kwenye mitumba. Ifungue ndani uangalie povu gumu, likiwa na ufa liache. Ya pikipiki ni nzito na kwa joto letu hutaivumilia.

Kiti

Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Watu wengi hukaa chini mno, magoti yanauma, wanasema baiskeli nzito. Ukipandisha kiti, usivuke mstari uliochorwa kwenye bomba lake; ukiuvuka, bomba linaweza kukatika ukiwa umekaa.

Mzigo na watu

Keria ya chuma iliyofungwa kwa boliti nne ndiyo keria. Zile za kubana kwenye bomba la kiti ni za daftari. Weka mzigo mzito chini na katikati, na ufunge kwa mipira ya tyubu iliyochanwa, ambayo hushika kuliko kamba kwa sababu inavutika na haijilegezi njiani. Kata ncha zote zinazoning'inia. Ncha moja ikiingia kwenye spoku ni ajali. Madumu ya maji yabebe mawili, moja kila upande, yajae yote. Dumu nusu huchezacheza na kuiyumbisha baiskeli kila ukikata kona.

Usitundike mfuko kwenye usukani. Ukiyumba unaingia kwenye gurudumu la mbele.

Hapa nataka niseme kwa sauti kubwa kuhusu watoto. Mtoto anayepakiwa nyuma bila pa kuweka miguu, mguu wake huingia kwenye spoku. Kisigino huchanika vibaya, na mtoto hukaa nyumbani wiki nyingi. Kinga yake ni kazi ya jioni moja: funga vikanyagio viwili vya chuma kwenye ekseli ya nyuma, kisha ziba nusu ya juu ya gurudumu pande zote mbili. Fundi mzuri atasuka nyuzi kutoka kwenye madigadi hadi kwenye habu kama wavu, au utakata ndoo ya plastiki iliyopasuka uifunge kwa waya laini. Ngao hiyo hiyo huzuia kanga, gauni na kanzu. Upande wa cheni weka kifuniko cha cheni. Mitumba mingi inacho, tatizo watu hukivua kwa sababu kinapiga kelele. Kipinde kidogo kitanyamaza.

Chumvi na mchanga

Baiskeli ya Songea na ya Mikindani hazizeeki sawa. Upepo wa bahari unaleta chumvi, na mchanga wetu ni kama msasa. Ukipita karibu na maji, hasa bahari inapojaa, au ukibeba samaki, ioshe baiskeli kwa maji baridi ya bomba siku hiyo hiyo, uikaushe kwa kitambaa. Usiielekezee habu maji ya nguvu.

Mafuta ya cheni ni mada yenye ubishi. Wengi humwaga oili chafu ya gari kwa sababu ni ya bure. Cheni inakuwa nyeusi, mchanga unanasa, na kuanzia hapo unaisaga cheni yako mwenyewe. Mafuta ya nazi nayo huganda na kunata. Mimi natumia mafuta ya cherehani: tone moja kwenye kila kiungo, nazungusha pedali kinyume mara ishirini, kisha nafuta kwa kitambaa mpaka nje ya cheni pabaki pakavu. Kazi ya mafuta iko ndani ya kiungo. Kila wiki, na kila baada ya mvua, tangu Desemba zinapoanza hadi Aprili.

Kujua kama cheni imechoka, chukua rula ya shule. Kutoka pini moja hadi ya 24 mbele yake, cheni mpya hupima sentimita 30.5. Ikifika 30.8, badilisha, la sivyo itakula na meno ya friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma, na hapo utalipia viwili. Gololi za habu, za usukani na za pedali zifunguliwe mara moja kwa mwaka, zioshwe kwa mafuta ya taa na zipakwe grisi mpya. Baada ya mvua kwisha ndio wakati wake.

Mfuko wa njiani

Viraka, solusheni, kipande cha msasa, vipande viwili vya kuvulia tairi, spana inayoingia kwenye nati za magurudumu, vimpira vya vali, pampu ndogo. Usivulie tairi kwa bisibisi. Utatoboa tyubu upya na kulaumu kiraka. Ukipaka solusheni, subiri mpaka ikauke na isinate kwenye kidole ndipo ubandike. Haraka ya dakika tatu ndiyo inayobandua viraka vingi.

Kufuli: mnyororo upite kwenye fremu na kwenye gurudumu, na uzunguke kitu kisichong'oka. Ile kufuli ndogo ya Kijapani inazuia kuendeshwa tu, haizuii kubebwa begani.

Baada ya wiki moja

Baiskeli iliyotengenezwa upya hujilegeza. Waya mpya wa breki hunyooka, spoku hukaa sawa, na kotapini, zile pini zinazoshika mikono ya pedali kwenye Phoenix, huingia ndani zaidi na nati yake kubaki huru. Fundi wangu wa Chikongola alinifundisha hilo siku niliyokwenda kuichukua baiskeli nikiwa na furaha tele.

"Shikamoo babu, kazi nzuri."

"Marahaba mjukuu wangu. Utarudi Jumamosi."

"Kuna kilichobaki?"

"Hakuna. Utarudi nikaze. Ukisikia tak, tak, kila mzunguko wa pedali, usisubiri hata Jumamosi. Shuka, ije ikikokotwa. Ukiendelea kuipanda tundu litapanuka, na tundu silikazi mimi."

Ilianza kulia Alhamisi, nikiwa nimekaribia Mikindani. Nikashuka, nikaikokota hadi nyumbani, na asubuhi nikapanda daladala kwenda mjini baiskeli ikiwa juu. Alipiga kotapini nyundo mbili, akakaza nati, akazungusha pedali huku sikio likiwa karibu na fremu, kisha akanirudishia bila kutaka malipo.